Roma na watoto wakati wa baridi: namna ya kuchagua hoteli na mahali pa kula

Desemba na mwanzoni mwa Januari jua la Roma huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Migahawa mingi hufunga jiko kati ya saa nane na nusu na saa tisa alasiri, na haifungui tena hadi saa moja na nusu usiku. Tena, wakati wa baridi saa za Roma ziko nyuma ya zetu za Afrika Mashariki kwa saa mbili. Mhudumu anapoleta menyu saa moja na nusu, mwili wa mtoto aliyetua jana kutoka Nairobi au Dar es Salaam unaamini ni saa tatu na nusu usiku, na mtoto atasinzia mezani kabla sahani haijafika.

Pengo hilo la alasiri, lenye giza, baridi na njaa, ndilo linaloharibu safari za familia kuliko mvua na kuliko bei. Ndiyo maana nashauri uchaguzi wote wa hoteli na chakula uanzie hapo. Hoteli inayoifaa familia ni ile mnayoweza kuirudia saa tisa alasiri bila kuhangaika, mkaikuta ina joto, watoto wakavua viatu vilivyolowa na kulala kidogo, kisha mkatoka tena kwa miguu kwenda kula karibu. Nyota mlangoni na picha za sebule ni mambo ya baadaye.

Nazungumzia Roma kwa sababu ndiko familia nyingi za kwetu huelekea zikienda Italia: wapo wanaokwenda kuhiji Vatican, na wapo wenye ndugu sista au padri aliyeko masomoni kule.

Hatua ya kwanza: chagua tarehe kabla ya kutafuta chumba

Majira ya baridi ya Roma yana bei za aina mbili. Kuanzia siku chache kabla ya Krismasi hadi tarehe 6 Januari, ambayo ni sikukuu ya Epifania na siku ya mapumziko nchi nzima, hoteli hujaa na bei hupanda. Baada ya hapo hadi katikati ya Februari jiji hupumua. Chumba kilekile hushuka bei, foleni ya Colosseo, ule uwanja wa kale wa michezo, hupungua, na mwenye mgahawa ana muda wa kuzungumza nawe. Kama hamwendi kwa ajili ya Krismasi yenyewe na shule zinaruhusu, nendeni Januari baada ya tarehe 6. Tatizo moja la kipindi hicho ni kwamba baadhi ya migahawa midogo ya kifamilia hufunga kwa likizo fupi, hivyo piga simu kwanza kabla ya kuvuka jiji kwa ajili ya mgahawa mmoja.

Wanaotaka misa ya mkesha wa Krismasi na Papa wajue kwamba tiketi hutolewa bure na Prefettura della Casa Pontificia, ofisi ya Vatican inayosimamia shughuli za Papa, na lazima ziombwe mapema. Anayekuuzia tiketi hiyo anakuibia.

Kuhusu hewa: mchana wa Januari ni nyuzi kumi na kitu, usiku hushuka hadi tatu au nne. Theluji ni nadra sana. Baridi ya Roma ni ya unyevu, inapenya soksi, na barabara za mawe ya sampietrini huteleza zikinyeshewa. Kumbuka mawe hayo tunapoingia kwenye mitaa.

Hatua ya pili: mtaa kwanza, hoteli baadaye

Fungua ramani, weka alama kwenye vituo vya metro, kisha tafuta hoteli zilizo ndani ya dakika kumi za kutembea kutoka kimojawapo. Usikadirie kwa jicho lako wewe mtu mzima. Dakika kumi za mtu mzima ni ishirini za mtoto wa miaka minne aliyevaa koti zito.

Prati, kando ya Vatican, ndio mtaa ninaoupendekeza kwanza kwa familia yenye watoto wadogo. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, kwa hiyo barabara zake zimenyooka, ni tambarare, na njia za waenda kwa miguu ni pana za kutosha kusukuma kigari cha mtoto. Metro ya mstari A ina vituo vya Lepanto na Ottaviano. Wakazi wake ni Warumi wa kawaida wenye kazi za ofisini, na mtaa wenye watu wanaokwenda kazini huwa na sehemu za chakula cha haraka na cha bei nafuu. Mnaweza kwenda Basilika la Mtakatifu Petro asubuhi na mapema kabla ya umati, mkarudi hotelini kwa miguu.

San Giovanni, upande wa kusini mashariki, hautajwi sana na wageni, na hiyo ndiyo faida yake. Mistari A na C ya metro hukutana hapo, bei za vyumba ni za wastani, na Basilika la Laterano lipo mlangoni. Familia inayotaka kukaa wiki nzima bila kumaliza akiba iangalie huku.

Esquilino, yaani eneo la kati ya stesheni ya Termini na Piazza Vittorio Emanuele II, watu huliogopa kwa sababu ya sifa ya stesheni. Ni kweli kwamba barabara zinazopakana na Termini si za kutembea na mikoba wazi usiku. Lakini ukisogea kuelekea Basilika la Santa Maria Maggiore, mambo hutulia. Na kwa Mswahili, Esquilino ina kitu ambacho mitaa mingine haina: soko la ndani, Mercato Esquilino, lenye mabucha ya nyama halali, bamia, ndizi za kupika, mihogo na viungo tunavyovijua, pamoja na mikahawa ya Kihabeshi, Kibangladeshi na Kihindi inayoizunguka. Ukiwa na mtoto anayekataa chakula kigeni, wali na mchuzi ulio umbali wa dakika tano unaweza kuokoa jioni nzima.

Testaccio ni mtaa wa kula, nitaurudia kwenye chakula. Metro yake ni Piramide, mstari B. Monti unapendeza na uko karibu na Colosseo, lakini una vilima na mawe; unawafaa wenye watoto wakubwa. Trastevere ni mzuri kupigia picha, ila hauna metro na kelele za usiku huingia vyumbani hata wakati wa baridi. Kwa familia nauweka mwisho. Eneo la Pantheon na Piazza Navona ni zuri mno na ni ghali mno, na metro iko mbali. Kama fedha si tatizo na watoto wanatembea vizuri, kaeni huko, maana kila kitu kiko karibu na pengo la alasiri halisumbui.

Watoto chini ya miaka 10 hupanda bure mabasi na metro za jiji wakiwa na mtu mzima. Kwa hiyo umbali hauwagharimu nauli. Unawagharimu muda na uchovu.

Hatua ya tatu: hoteli, fleti au nyumba ya watawa?

Hapa pana jambo ambalo matangazo hayasemi. Italia imegawanywa katika kanda za hali ya hewa, na sheria inapanga majengo yapashwe joto lini na kwa saa ngapi. Roma iko kanda D: mitambo inaruhusiwa kuwashwa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 15 Aprili, isizidi saa 12 kwa siku, na joto la ndani lisizidi nyuzi 20, na nyongeza ya mbili tu. Hoteli zimesamehewa ukomo wa saa. Fleti kwa kawaida hazikusamehewa. Katika majengo ya zamani yenye mfumo mmoja wa jengo zima, redieta zinapoa kwa ratiba iliyopangwa na wenye jengo, na mpangaji wa siku tano hana la kufanya. Ukikodi fleti, muulize mwenyewe swali moja la wazi: joto ni la *riscaldamento autonomo* au *centralizzato*? La kwanza unaliwasha mwenyewe. La pili linawashwa na jengo, hivyo ulizia saa zake.

La pili kuhusu fleti ni umeme. Mkataba wa kawaida wa nyumba za Kiitaliano ni wa kilowati 3 tu. Washa oveni, kikausha nywele na hita ya maji kwa pamoja, swichi kuu inaruka na nyumba inakuwa giza. Si hitilafu, ndivyo ilivyo. Uliza swichi hiyo iko wapi siku ya kupokea funguo, maana mara nyingine iko chini ya ngazi, nje ya mlango. Na kama maji moto yanatoka kwenye tangi la lita 80 lililotundikwa bafuni, watu watano hawawezi kuoga mfululizo. Watoto waoge kabla ya chakula cha jioni, wakubwa kabla ya kulala.

Pamoja na hayo, fleti ina jiko, na jiko ni uji wa asubuhi, wali wa jioni, na maziwa ya mtoto saa nane usiku. Kwa familia ya watu watano au sita, au yenye mtoto mchanga, bado ningechagua fleti, ila iwe yenye joto la kujiwashia. Hakikisha tangazo lina namba ya CIN, utambulisho wa kitaifa ambao tangu 2025 kila malazi ya wageni lazima yauonyeshe kwenye tangazo na mlangoni. Fleti isiyo nayo usiilipie.

Nyumba za watawa zinazopokea wageni, *case per ferie*, ni chaguo ambalo familia za Kikatoliki zinalijua na familia nyingine hazina sababu ya kulikimbia. Vyumba ni visafi na vya kawaida, bei ni nafuu, kifungua kinywa kipo, na mara nyingi kuna bustani iliyofungwa ambapo watoto wanaweza kukimbia bila hatari ya pikipiki. Nyingi hufunga geti usiku, kwa kawaida karibu saa tano. Kwa familia yenye watoto wadogo hilo si kizuizi hata kidogo. Kama mna sista mnayemfahamu huko, mwombeni awaulizie.

Familia ya watu wanne isiyotaka kupika, kwa siku nne au tano: hoteli ya nyota tatu, chumba kimoja cha watu wanne au vyumba viwili vinavyofunguana.

Hatua ya nne: maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Hoteli nyingi za Roma ni ghorofa moja au mbili ndani ya jengo la zamani la makazi. Unabonyeza kengele barabarani, unapita ua wa ndani, unapanda lifti inayoingiza watu wawili na begi moja, na wakati mwingine lifti yenyewe inaanzia baada ya ngazi tano. Kigari cha watoto pacha hakiingii. Kwa hiyo andika ujumbe, kwa Kiingereza cha kawaida tu, na uulize haya: chumba kiko ghorofa ya ngapi na lifti inafika? Kitanda cha tatu na cha nne ni vitanda kamili au ni sofa inayokunjuliwa? Kitanda cha mtoto mchanga kinalipiwa? Bafu liko ndani ya chumba? Nalitaja hili la bafu kwa sababu maneno *bagno privato esterno* yana maana kwamba bafu ni lenu peke yenu lakini mnalifuata kwenye korido, na usiku wa Januari na mtoto wa miaka mitatu ni taabu. Chumba kinatazama barabara au ua? Uani hakuna kelele. Mnaweza kukaa chumbani alasiri bila kusumbuliwa na usafi? Na kuna birika la umeme? Vyumba vya Italia mara nyingi havina, na wapenda chai watalikumbuka saa kumi jioni. Ukiliomba mapema, hoteli nyingi huleta.

Soma maoni ya wageni, lakini chuja yale ya Desemba, Januari na Februari peke yake. Mgeni wa Julai anasifu kiyoyozi. Unamtafuta mgeni wa Januari aliyesema chumba kilikuwa baridi, au kwamba maji moto yaliisha. Wakisema hivyo wawili au watatu kwa miezi tofauti, acha hoteli hiyo hata kama wastani wake ni wa juu.

Bebeni adapta. Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kwenye soketi za Italia.

Hatua ya tano: gharama ambazo hazimo kwenye bei, na viza

Roma hutoza kodi ya malazi kwa kila mtu kwa kila usiku, na kwa kawaida hailipwi mtandaoni bali hotelini. Kwa viwango vilivyowekwa Oktoba 2023, nyota tatu ni euro 6, nyota nne ni euro 7.50, nyota tano ni euro 10, na watoto chini ya miaka 10 hawalipi. Piga hesabu: baba, mama, mtoto wa miaka 12 na wa miaka 6, hoteli ya nyota tatu, usiku tano. Wanaolipa ni watatu, mara euro 6, mara usiku tano: euro 90. Hiyo ni fedha ya kweli, iweke kwenye bajeti.

Kifungua kinywa cha hoteli nacho kiangalie kwa makini. Cha Kiitaliano ni kitamu cha sukari: *cornetto*, mkate mkavu, jamu, kahawa. Kama watoto wenu wamezoea mayai, ulizia. Kama hakuna mayai na kinalipiwa kwa kichwa, kiacheni, mkanywe kahawa na maziwa kwenye *bar* ya mtaani. Huko bar ni mahali pa kahawa na vitafunwa, watoto wanaingia. Kusimama kaunta ni bei moja, kuketi mezani inaweza kuwa bei nyingine ya juu zaidi. Orodha ya bei lazima iwe ukutani, itazameni.

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen, na ubalozi utataka uthibitisho wa malazi pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa walio chini ya miaka 6. Kwa sababu hiyo weka nafasi ya chumba kinachoweza kufutwa bila faini, kisha baada ya viza kutoka mnaweza kutafuta bei bora zaidi. Mkifika, kila mmoja atoe pasipoti mapokezi, hata mtoto mchanga, kwani sheria inaitaka hoteli iwaandikishe wageni wote polisi.

Hatua ya sita: panga siku kwa kufuata tumbo

Ushauri wangu ni huu: mlo mkubwa uwe wa mchana, jioni mle kidogo. Mchana migahawa imefunguliwa, watoto wako macho, na nje kuna mwanga. Fikeni saa sita na nusu kamili, jiko linapofunguka, mhudumu bado hajachoka na meza ya pembeni ipo. Kaeni ndani, si kwenye meza za nje zenye hita. Uvutaji sigara ndani ya migahawa umepigwa marufuku Italia tangu Januari 2005, kwa hiyo wavutaji wote wako nje chini ya hita hizo.

Baada ya hapo rudini hotelini. Saa kumi na moja jioni tokeni tena, mtembee kwenye mitaa yenye taa, mnunue *caldarroste*, zile kokwa kubwa za mti wa chestnut zinazochomwa barabarani, au *cioccolata calda*, kinywaji cha chokoleti kizito kiasi kwamba mtoto anakila kwa kijiko.

Kwa mlo wa jioni wa mapema mna njia tatu. Ya kwanza na iliyo bora ni *pizza al taglio*, pizza ya kukatwa, ambayo maduka yake huuza mchana kutwa. Inauzwa kwa uzito. Muuzaji huweka kisu juu ya pizza na kukutazama. Ukitaka zaidi unasema *di più*, ukitaka pungufu *di meno*, naye anasogeza kisu mpaka utikise kichwa kukubali. Anakata, anapima, anaipasha moto, anaifunga kwenye karatasi. *Margherita*, *patate e rosmarino* yenye viazi, na *pizza rossa* yenye nyanya tupu huwafaa watoto wengi. Njia ya pili ni *tavola calda* au *rosticceria*, duka lenye kuku wa kuchoma, viazi na mboga vilivyopikwa tayari. Ya tatu ni Mercato Centrale, ndani ya stesheni ya Termini upande wa Via Giolitti, uliofunguliwa 2016: vibanda vingi vya vyakula na meza za pamoja, asubuhi hadi usiku, kila mmoja akala anachotaka. Familia zinazofunga zitaithamini sana, kwa kuwa mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaanza Februari na magharibi ya Roma huingia karibu saa kumi na mbili jioni, wakati migahawa ya kawaida bado imefungwa.

Usiku mmoja au miwili ya kwenda pizzeria haidhuru. Nyingi huwasha tanuri la kuni jioni tu, na pizza ya Kirumi ni nyembamba, hutoka haraka kuliko pasta. Fikeni mlango unapofunguliwa.

Jumapili mchana ni habari nyingine. Ndipo Warumi wenyewe huenda mgahawani na bibi, babu, wajukuu na mashemeji, na kelele za watoto hazimshtui mtu. Chagueni *trattoria*, yaani mgahawa wa kawaida wa kienyeji, moja ya Testaccio, mtaa uliokulia kando ya machinjio ya jiji, na mweke nafasi siku mbili tatu kabla. Ujumbe huu unatosha: *Buongiorno, vorrei prenotare un tavolo per cinque persone, di cui due bambini, domenica alle 12.45. Avete un seggiolone?* Yaani mnaomba meza ya watu watano, wawili wakiwa watoto, Jumapili saa saba kasorobo mchana. Neno la mwisho ni kiti kirefu cha mtoto.

Hatua ya saba: kuisoma menyu

Mgahawa wa kuaminika wakati wa baridi una menyu fupi yenye vitu vya baridi. Tafuta *puntarelle*, mboga chungu inayoliwa mbichi na dagaa wa chumvi. *Carciofi*, yaani artichoki, mboga ambazo hukaangwa kwa mtindo wa Kiyahudi mpaka zinafunguka kama ua. *Pasta e ceci*, tambi na dengu. Ukiona gnocchi, vidonge laini vya viazi na unga, Alhamisi na *trippa* Jumamosi, jiko hilo linafuata desturi ya Roma. Trippa ni utumbo uliopikwa kwa nyanya na jibini, na mpenzi wa matumbo asiondoke bila kuionja. Menyu na bei lazima viwe nje ya mlango. Pasipo na bei, msiingie.

Kwa watoto, hata kama haijaandikwa, omba *pasta al pomodoro*, ya nyanya, au *pasta in bianco*, ya siagi na jibini. Omba pia *mezza porzione*, nusu sahani. Hakuna atakayewashangaa.

Sasa nguruwe, ambayo kwa familia nyingi zetu ndilo swali la kwanza. Jiko la Kirumi limejaa kitimoto, tena isiyoonekana kwa jina. *Carbonara*, *amatriciana* na *gricia* zote zina *guanciale*, nyama ya shavu la nguruwe. *Saltimbocca* ni ndama aliyefunikwa *prosciutto*, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. *Coda alla vaccinara* ni mkia wa ng'ombe, lakini huanza kukaangwa na mafuta ya nguruwe kwenye majiko mengi. Maneno mengine ya kukariri: *maiale*, *pancetta*, *speck*, *lardo*, *strutto*, *salsiccia*, *porchetta*, *mortadella*. *Cacio e pepe* haina nyama, ni jibini na pilipili manga tu, ila anayeangalia uchinjaji ajue kwamba Pecorino Romano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo. Kwenye vitamutamu, *panna cotta* huwa na jelatini ambayo mara nyingi ni ya nguruwe, na *tiramisù* nyingi zina pombe. Sema *Non mangiamo maiale, neanche nel sugo*, hatuli nguruwe, hata kwenye mchuzi. Hilo la mchuzi ndilo linalomfanya mhudumu aende kuuliza jikoni.

Via del Portico d'Ottavia, mtaa wa Wayahudi, ina migahawa ya kosher ambayo nguruwe haiingii kabisa, na ndiko *carciofi alla giudia* zilikozaliwa. Hufunga Ijumaa jioni hadi Jumamosi jua linapozama. Nyama halali ipo Esquilino, na upande wa kaskazini wa jiji upo Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa 1995.

Samaki mkubwa na nyama ya kuchoma huandikwa bei *all'etto*, yaani kwa gramu 100. Samaki wa euro 6 kwa etto mwenye gramu 800 ni euro 48. Uliza bei ya samaki mzima kabla hajaingia jikoni. Nyota ndogo kando ya jina la chakula kwa kawaida ina maana kwamba kiligandishwa.

Mkoa wa Lazio ulipiga marufuku *coperto*, tozo ya kuketi mezani kwa kila mtu, kwa sheria ya 2006. Badala yake mtaona *pane*, mkate, euro moja au mbili kwa kichwa. Mkate usioutaka waweza kuurudisha mara unapoletwa. Maji ni ya chupa na yanalipiwa. Bakshishi si lazima.

Siku ambazo jiji hufunga

Makumbusho ya Vatican hufungwa tarehe 25 na 26 Desemba, tarehe 1 na 6 Januari. Mkesha wa Krismasi Warumi hula samaki nyumbani, na migahawa mingi hufunga mapema. Mchana wa tarehe 25 na usiku wa tarehe 31 migahawa iliyo wazi hutoa menyu ya bei moja, ndefu na ghali, isiyo na nafuu kubwa kwa watoto. Weka nafasi wiki kadhaa kabla, au nenda Esquilino, ambako wengi wa wenye mikahawa si Wakristo na hufungua kama kawaida. Metro na mabasi hupungua sana siku ya Krismasi, kwa hiyo siku hiyo kaeni mahali mnapoweza kufika kwa miguu. Maduka ya vyakula hufunga mapema tarehe 24, basi nunueni maziwa, matunda, mkate na maji asubuhi ya siku hiyo.